Kopo la Dawa ya Nyuki

Katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa juu ya barabara, ukitoka Njombe kwenda Makambako, mpishi aliitwa Mama Mpishi. Wasichana walimwita hivyo, walimu walimwita hivyo, na mchungaji akija Jumapili akala ugali wake akashiba, naye alisema ahsante, Mama Mpishi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Tabea. Lakini jina lake hasa, lile ambalo akiitwa moyo ulitangulia kuitika kabla ya mdomo, lilikuwa Mama Ema, na jina hilo lilikuwa na miaka sita halijatamkwa na mtu mbele yake.

Si kwamba watu walikuwa wabaya. Kwao, mtoto akifa, jina lake huwekwa pembeni ili mama asichomwe nalo kila saa. Msiba ulipokwisha, jirani yake, ambaye kila asubuhi alipita na mtungi kichwani akisema, "Kamwene, Mama Ema," alipita akasema, "Kamwene, dada." Dada! Tabea aliitika, akaingia ndani, akakaa chini nyuma ya mlango, hakutoka mpaka jua lilipokuwa juu ya paa. Walidhani wamemwondolea maumivu. Kumbe wamemwondolea mtoto mara ya pili.

Ema alikufa akiwa na miaka saba, mchana kweupe, wakati wa kuvuna ulezi. Nyuki mmoja alimwuma shingoni. Mmoja tu, wala si kundi. Mtoto akasema, "Mama, naona joto." Mara midomo ikavimba, macho yakafumba, mwili mzima ukatoka vipele kama aliyeviringishwa kwenye upupu. Kisha sauti ikakwama. Wanawake waliokuwa wakivuna walimmwagia maji, wakamnywesha maziwa, wakamsimamisha na kumtembeza huku na huku ili damu iamke. Baba yake, Hezekia, alipofika mbio na baiskeli ya kuazima, mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake kama anasikiliza kitu, na hakuwa na pumzi.

Ndipo maneno yakaanza. Nyuki mmoja anaua mtu? Tangu lini? Kuna mkono wa mtu hapo. Mara likatajwa jina la shangazi yake Hezekia, mara likatajwa la mama mkwe, na nyumba ikawa haikaliki. Hezekia hakuwa mtu wa maneno. Alijiandikisha manamba, aende Tanga kukata mkonge. Tabea alimsindikiza mpaka Makambako, penye njia panda, malori yanapojipanga. Lori lilipoanza kuondoka, Hezekia aliinuka katikati ya wenzake, akapaza sauti, "Mama Ema, rudi nyumbani, baridi hii! Nitakuja ulezi ukiota!"

Ulezi uliota mara sita. Na ile ndiyo ikawa mara ya mwisho Tabea kuitwa kwa jina lake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Makambako. Hata akitumwa chumvi alimwambia anayemtuma aende mwenyewe.

Shuleni walimchukua kwa sababu ugali wake haukuwa na mabuje na kwa sababu hakuogopa mtu. Kusoma hakujua, au tuseme alijua herufi tatu. Seremala alipochonga msalaba wa kaburi alitaka kuandika jina yeye mwenyewe, Tabea akakataa katakata. "Nionyeshe linavyokaa," alimwambia, "mwanangu nitamwandika mimi." Akashika msumari, akakwaruza ubao mchana kutwa: E, M, A. Herufi nyingine za dunia hakuwa na haja nazo.

Basi mwaka ule wasichana walipogawiwa peremende kwenye makopo yenye picha ya malkia mpya wa Waingereza, ndipo alipokuja Fidelia. Alitoka upande wa Ludewa, msichana mrefu wa miaka kumi na mitatu, mwenye kucheka na mkono mdomoni. Tabea alipomwona akipokea uji foleni alihesabu kimoyomoyo, kama alivyohesabu kila msichana: huyu ni wa umri wake. Ema angekuwa hapa kwenye foleni, amekuja na kikombe chake.

Mwezi wa nane miti ya miwati ilichanua, kilima chote kikawa cha manjano, na nyuki wakajaa. Siku moja Fidelia alikuja jikoni ameshika kidole. "Mama Mpishi, nyuki kaniuma, nipe kitunguu nipake." Tabea alikuwa anasonga. Aligeuka amtanie, akamwona. Vipele shingoni, vipele mikononi, jicho moja limeanza kufumba. Mwiko ulimwanguka, na hakuna mtu shuleni aliyewahi kuona Mama Mpishi akiangusha mwiko.

Saa ile Mungu alisaidia. Uvimbe ulipanda, ukasimama, ukashuka. Kufika jioni Fidelia alikuwa anakula maharage na kuomba ongezo. Lakini Tabea alikwishavua kanga ya jikoni na kwenda ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Anania, mtu mpole mwenye miwani ya kamba.

"Mwalimu, yule mtoto wa Ludewa nyuki wa pili atamwua."

"Mama Mpishi, amekwishapona yule. Umesomea wapi udaktari?"

"Nimesomea shambani kwangu. Ada nilikwishalipa."

Habari hiyo Mwalimu Anania aliijua. Akasema atamwandikia sista wa hospitali ya Ilembula siku akipata nafasi. Tabea akasema sawa, naye atapika siku akipata nafasi. Asubuhi moto haukuwashwa. Wasichana mia na ishirini walikaa na vikombe vyao, na Mama Mpishi amekaa kizingitini anachambua kucha. Saa mbili barua ilikuwa imeandikwa, imekunjwa, amepewa dereva wa lori aipeleke. Saa mbili na dakika tano uji ukabandikwa motoni.

Sista alikuja baada ya wiki, akiendesha Landrova mwenyewe. Aliitwa Ingeborg, watu wakamwita Sista Ingebo; mama wa Kizungu wa makamo, mikono myekundu, Kiswahili chake kimenyooka isipokuwa alipokasirika. Alimpima Fidelia, akamwuliza maswali, kisha akaja jikoni akaketi juu ya gogo la kuni.

"Mwalimu ameniambia juu ya mtoto wako. Kabla ya siku ile aliwahi kuumwa na nyuki?"

Tabea alifikiri. Hakupenda kurudi huko kwa maneno, maana kwa moyo alikuwa huko kila siku. Akakumbuka. Mwaka mmoja kabla, mguuni. Vipele mwili mzima. Walisema ni maboga aliyokula.

"Ndiyo hivyo," akasema sista. "Kuna miili ambayo sumu ya nyuki ikiingia mara ya kwanza, mwili unajifunza kuichukia. Ikija tena, mwili unapigana nayo kwa nguvu mno, mpaka unajiziba koo wenyewe. Ni wachache, lakini wapo. Mtoto wako hakulogwa, mama."

"Sema tena."

"Hakulogwa. Hakuna mtu aliyemfanya kitu."

Tabea aliinama akasogeza kuni ambazo zilikuwa zimekaa vizuri. Alilotaka saa ile ni moja tu: Hezekia awe ameegemea nguzo pale, asikie. Kwamba shangazi yake hana kosa. Kwamba nyumba ile wangeweza kuendelea kuikaa. Akapangusa macho kwa moshi, akasema, "Sasa dawa yake ni ipi? Maana hukuja kutoka Ilembula kunipa pole."

Dawa ilikuwa ndani ya vichupa vinne vidogo vya kioo, maji meupe ndani yake, shingo nyembamba ya kuvunja. Sista akataja jina lake. Adrenalini.

"Andrea na nani?" akauliza Tabea.

"A-dre-na-li-ni."

"Nani alimwita hivyo, hakuwa na mama?"

Sista alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka, akasema dawa hii haisubiri gari. Pumzi ikianza kuziba, hospitali ni mbali mno. Lazima sindano ipigwe palepale shuleni, na mtu ambaye hatoki. Walimu huhamishwa, mkuu husafiri. Jikoni kuna moto kila siku na maji yanayochemka kila siku. "Nataka kukufundisha wewe."

"Sijui kusoma mimi."

"Sihitaji kusoma kwako. Nimetazama mkono wako ukimimina uji. Hautetemeki."

Tabea alijifanya hakusikia sifa ile, lakini aliiweka.

Alijifunza kwa siku mbili. Kwanza alichoma viazi kwa sindano, gunia zima, mpaka wasichana wakala viazi vyenye matundu. Kisha kuku aliyenyonyolewa. Alijifunza kuchemsha bomba la sindano na kulifunga kwenye kitambaa safi, pamoja na spiriti kidogo ya kusafishia. Akaamua mwenyewe kwamba litachemshwa kila asubuhi baada ya uji, nyuki awepo asiwepo. Alijifunza kuvuta maji mpaka mstari wa tatu na kutoa hewa. Upande wa nje wa paja. Mwiba wa nyuki kwangua kwa ukucha, usiuminye. Mtoto asisimamishwe, asitembezwe hata hatua moja. Alazwe, miguu juu, na akihangaika kupumua mgongo uinuliwe kidogo. Aliposikia hilo la kutotembezwa alimwomba sista anyamaze kwanza. Akaenda nje, akarudi, akasema endelea.

"Kisha hesabu polepole mpaka mia tatu," akasema sista. "Pumzi isipofunguka, piga ya pili. Ikifunguka, usishangilie; mlete hospitali, maana uvimbe huweza kurudi. Na dawa ikigeuka rangi ya chai imeharibika, usiitumie."

Vichupa viliwekwa kwenye kopo la peremende lenye picha ya malkia, rafu ya juu stoo, gizani. Mwalimu Anania akaleta karatasi na wino aandike jina. Alijaribu adrenalini mara mbili, zote akakosea. "Jina hili litatushinda," akasema. "Naandika maneno ambayo kila mtu ataelewa." Akaandika kwa herufi kubwa nzuri: DAWA YA NYUKI. Akabandika kwa uji.

Na kweli kila mtu alielewa. Ila kila mtu alielewa lake.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Odilo, mlinzi wa shule, Mkatoliki wa misheni ya jirani, fundi wa kurina asali na kunywa pombe ya ulanzi. Nyuki walikuwa wamejenga ndani ya paa la bweni, naye aliagizwa awatoe. Akaingia stoo kutafuta dawa ya panya ajaribu nayo, akaona jirani yake kopo: dawa ya nyuki. Akashukuru watakatifu. Jioni Tabea alihesabu vichupa akakuta vitatu.

"Odilo!"

"Naam, Mama Mpishi."

"Kichupa changu kiko wapi?"

"Nimewamwagia wale wa darini. Dawa yenu hiyo ni uongo mtupu. Hakufa hata mmoja! Wamezidi kuchangamka, mmoja ameniuma sikio."

Alichoambiwa Odilo siku ile hakiandikiki. Itoshe kwamba alikula ugali mkavu wiki mbili. Tabea alimwambia Mwalimu Anania abadilishe maneno ya kopo. Mwalimu akasema ndiyo, ndiyo, nitafanya. Mwezi ukapita. Kichupa kimoja kikageuka rangi ya chai, Tabea akakitupa. Vikabaki viwili.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mwalimu Anania alikuwa Njombe mjini, ameitwa bomani. Aliyeachiwa shule ni Mwalimu Teodora, msichana mgeni aliyetoka chuoni wiki tatu tu, mwenye sketi iliyopigwa pasi na sauti kali ya kuficha woga. Wasichana walikuwa wanafyeka nyasi chini ya miwati. Tabea alisikia kelele, na kabla hajajua ni nini miguu yake ilikwishajua. Walikuja wanne wamembeba wa tano, na wa tano ni Fidelia.

"Mlazeni hapo! Asisimame! Vestina, gunia lile chini ya miguu!"

Shingoni, palepale. Tabea aliukwangua mwiba kwa ukucha. Midomo ya mtoto ilikuwa imejaa, macho yamefumba, na pumzi yake inavuta mluzi kama upepo kwenye tundu la mlango. Alijaribu kusema kitu, hakikutoka. Tabea alikimbilia stoo. Alipotoka na kopo na kitambaa cha bomba, Mwalimu Teodora alikuwa mlangoni.

"Nini hicho, Mama Mpishi?"

"Dawa. Pisha."

Teodora alisoma maneno. Akalishika kopo kwa mikono miwili. "Dawa ya nyuki? Hii si inakaa na dawa ya panya kule? Unataka kumchoma mtoto sumu ya kuulia wadudu?"

"Si ya kuulia. Ni ya mtu aliyeumwa. Sista alinipa mkononi mwangu."

"Imeandikwa hapa! Dawa ya panya inaua panya, dawa ya mbu inaua mbu. Mimi nimeachiwa hawa watoto, mama. Mimi nimesoma, wewe hujasoma!"

"Ndiyo maana karatasi yako haijanidanganya. Achia."

"Siachii. Akifa nitasema nini?"

"Akifa," alisema Tabea, na sauti yake ikashuka, "utakuwa umeniulia mwanangu mara ya pili."

Teodora hakuelewa, na hakuachia. Walisimama wakishikana kopo, malkia katikati, na nyuma yao ule mluzi ukawa mwembamba, mwembamba zaidi. Tabea alikuwa na nguvu za kumpiga kikumbo. Alifikiria hivyo. Lakini ndani kulikuwa na kioo, vichupa viwili, na kikivunjika kimoja je? Ndipo Odilo akaja anahema kutoka langoni, akaona mambo.

"Mwalimu, mwachie! Si sumu hiyo! Mimi niliwamwagia nyuki kichupa kizima, haki ya Mungu, hakufa hata mmoja! Mwulize yeye, nimekula ugali mkavu wiki mbili!"

Teodora alimtazama Odilo, akamtazama Tabea. Vidole vyake vikalegea.

Kilichofuata Tabea hakukumbuka kwa akili, alikumbuka kwa mikono. Shingo ya kichupa ikakatika, maji yakapanda mpaka mstari wa tatu, hewa ikatoka. Paja, upande wa nje. Akasukuma. Kisha akapiga magoti, akamshika mtoto mgongo, akaanza kuhesabu, na kwa kuwa alizoea kuhesabu kwa mwiko, mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka hewani unakoroga uji usiokuwepo. Hamsini. Themanini. Mia. Mia na arobaini, mluzi ukakatika. Wasichana wakalia. Lakini ulikatika kwa sababu pumzi ilikuwa imepata njia. Ikaingia, ikatoka, ikaingia tena, nzito, yenye kamasi, pumzi nzuri kabisa. Mia mbili na kumi, Fidelia akafumbua jicho moja.

"Usishangilie," Tabea alijiambia kwa sauti. "Odilo, simamisha gari!"

Lori lililopita lilikuwa la magome ya miwati, dereva wake Agustino, mtu mnene aliyejua kila mtu barabara nzima. Walimlaza Fidelia juu ya magome na blanketi la bwenini, miguu kwenye mafungu, Tabea kando yake na kopo, bomba na spiriti kifuani ndani ya nguo. Mwalimu Teodora alitaka kusema kitu. Tabea alimwambia, "Baadaye, mwanangu. Angalia maharage yangu yasiungue."

Kadiri barabara ilivyokaribia Makambako, Tabea alizidi kukaza macho kwa mtoto, asitazame mbele. Lakini hakuna njia nyingine ya kufika Ilembula. Na wakati hasa Agustino anapunguza mwendo penye njia panda, Fidelia akaanza kujikuna shingo.

"Mama. Naona joto."

Maneno yaleyale. Tabea alipiga bati la lori kwa ngumi, lori likasimama. Vipele vilikuwa vinapanda tena, na mluzi ule, kwa mbali. Kichupa cha mwisho. Mikono yake ilikuwa na vumbi, akaipangusa kwa spiriti iliyobaki, akalisafisha na bomba. Watu wa malori walisogea kutazama, mama mmoja amepiga magoti juu ya magome anamchoma msichana sindano barabarani. "Unamfanya nini mtoto?" mmoja akapiga kelele. Hakujibu. Alikuwa anakoroga uji wake. Kumi. Ishirini. "Vuta, Ema," alisema. "Vuta, mama, vuta, Ema, polepole hivyohivyo."

Alipofika mia na sabini, mtoto akavuta.

Agustino alikwenda kutafuta maji ya kuweka kwenye rejeta. Walisimama pale kidogo. Pembeni lilikuwapo lori lililotoka kaskazini, watu wanashuka na mablanketi mapya begani na masanduku ya bati. Manamba waliomaliza mkataba. Tabea alisema hatatazama, akatazama. Alitazama nyuso zote, hata za vijana ambao isingewezekana kabisa wawe yeye. Alitazama mpaka wa mwisho ameshuka na dereva amefunga ubao wa nyuma.

"Mama Mpishi," Fidelia akasema, sauti yake imekwaruza. "Ema ni nani?"

"Nani kakwambia Ema?"

"Wewe. Ulikuwa unaniita."

Tabea alivuta blanketi akamfunika mpaka kidevuni. Alikuwa na miaka sita ya kulingoja swali hilo, na watu wote wazima aliowajua walikuwa na adabu mno ya kuliuliza. Basi alimweleza. Alimweleza njia nzima mpaka Ilembula: kwamba Ema alipenda ukoko wa ugali, kwamba aliwaonea mbuzi wivu, kwamba baba yake alikuwa akimwita kutoka mbali kabla hajafika nyumbani ili amwone akikimbia. Fidelia alisikiliza, akalala, na Tabea aliendelea kueleza.

Hospitali walikaa siku tatu. Sista Ingebo alimpima mtoto, akaangalia matundu mawili ya sindano pajani, akamtazama Tabea. Alimpa vichupa sita vipya.

Waliporudi, Mwalimu Anania alikuwa jikoni na karatasi na wino, uso wa mtu aliyekosa. Pembeni yake Mwalimu Teodora, maharage hayakuungua. Walikuwa wanabishana juu ya maneno. Anania alitaka "Dawa ya Kuumwa na Nyuki". Teodora akasema hiyo nayo mtu anaweza kudhani akiinywa ataumwa na nyuki; bora "Dawa ya Kumtibu Mtu Aliyeumwa na Nyuki." Haikuenea kwenye karatasi.

"Nipeni kopo langu," akasema Tabea.

Aliloweka karatasi ya zamani kwenye maji ya moto, akaibandua. Akachukua msumari kwenye dirisha. Akakaa juu ya gogo la kuni, kopo limebanwa magotini, akakwaruza chini ya shingo ya malkia, taratibu, meno yameuma ulimi. E. M. A.

Mwalimu Anania alirekebisha miwani. "Mama Mpishi, ndilo jina la dawa hilo?"

"Ndilo. Na hakuna atakayeona jina hilo akadhani linaua."

Teodora alikuwa amekwishaambiwa na Odilo habari yote. Aliinama, akachukua mwiko uliokuwa kando ya meko, akaufuta, akampa Tabea kwa mikono miwili.

Kopo lile lilikaa rafu ya pili, peke yake, mbali na ya panya. Fidelia alimaliza shule miaka mitatu baadaye, akaolewa kwao Ludewa, na nyumbani kwake kulikuwa na kopo kama lile. Tabea alimtuma Agustino na kila dereva anayekwenda kaskazini: mkimkuta Hezekia, mtu mwembamba wa huku kwetu, mwenye kovu kidevuni, mwambieni hakulogwa. Maneno hayo tu, mengine atajua. Walisema watamwambia. Jibu halikuja, naye hakuacha kutuma.

Lakini wasichana wapya walikuja kila mwaka, na wapya hawakujua cha kuficha. Waliambiwa na wakubwa: ukiumwa na nyuki ukavimba, kimbia jikoni, kuna Ema. Na mwenye Ema ni nani? Ni yule mama. Basi wao wakamwita kama mama yeyote anavyoitwa popote, kwa hesabu rahisi ya watoto. Wakubwa walishtuka kwanza, wakamtazama usoni, wakaona hakuna mwiba. Kisha walimu. Kisha Odilo.

Wakati wa miwati kuchanua sauti ilikuwa inatoka chini kilimani, inapanda kati ya miti, kali, ya mbio: "Mama Ema! Mama Ema!" Na kila mara, kwa miaka yote aliyopika pale, Tabea aligeuka kwanza upande wa barabara inayotoka Makambako. Alitazama mara moja tu. Kisha akageukia kilimani anakokuja mtoto, mkono umekwishafika kwenye kopo.

"Abee!"